Bwana Misitu Anajibu: Hema, Fremu A na Maji ya Rubya

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: watu wanataka kutembea msituni, na wengine kulala humo humo. Zamani nilikuwa naulizwa bei ya mbao na dawa ya mchwa. Nimefurahi, sikatai. Nimezifupisha barua na kuondoa majina, maana mmoja wa walioandika analalamikia mtu ambaye huenda akalisoma gazeti hili.

*Shikamoo Bwana Misitu. Sisi ni vijana wanane wa Buswelu, huwa tunakimbia pamoja asubuhi. Tulikwenda upande wa Sengerema tukitaka kutembea kwenye msitu na kulala usiku mmoja. Kijijini jamaa mmoja akatuambia tutoe elfu hamsini ndiyo tupite. Tulipoomba risiti akasema risiti ni mambo ya mjini. Tukageuza. Binamu yangu yuko Colorado, Marekani. Yeye anaegesha gari pembeni ya barabara ya msituni, anafunga hema, na hakuna anayemuuliza. Kwani misitu ya umma huku kwetu si ya umma?*

Marahaba wanangu. Kugeuza mlifanya la maana. Fedha ya serikali siku hizi hailipwi mkononi: unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, risiti inatoka. Anayetaka noti chini ya mwembe anakula yeye, hata kama amevaa kofia ya kijani. Ila na nyinyi mlikwenda bila kupiga hodi, na jamaa wa namna ile wanaishi kwa wageni wa namna hiyo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeigawa misitu yetu makundi manne: ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Ukishaingia ndani, miti haikwambii iko kundi gani. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata hema, ulizeni mwenye msitu ni nani. Hifadhi za misitu za taifa na mashamba ya miti ya serikali yako chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu wa kumwona ni Mhifadhi wa Misitu wa Wilaya, au ofisi ya shamba lenyewe. Msitu wa halmashauri una afisa misitu wa halmashauri. Hawa wawili wanachanganywa kila siku. Mtu anapewa ruhusa na mmoja, anakwenda kukamatwa na askari wa mwingine, halafu anaondoka akisema serikali haieleweki. Msitu wa kijiji unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, na sheria ndogo za kijiji ndizo zinazosema nani apite na kwa utaratibu gani.

Kwenye hifadhi ya msitu, kuingia kwa ajili ya utalii au kupiga kambi kunahitaji kibali. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, mapema, si siku ya safari. Nilipokuwa kazini nimepokea barua nyingi zenye nusu ukurasa wa salamu na sentensi moja ya shida. Afisa anayesoma anatafuta vitu viwili, moto na idadi. Mko wangapi, mnaingilia wapi na kutokea wapi, mnalala wapi, mnapikia nini, na namba ya simu ya kiongozi wenu. Mkiandika kwamba mtapikia jiko la gesi dogo na hamtawasha kuni, mmeshamaliza robo tatu ya wasiwasi wake, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, nyasi za huku zikiwa zimekauka. Kabla ya kuingia, pitieni kwa mtendaji wa kijiji cha jirani mkamwachie nakala ya kibali. Mtu akivunjika mguu saa mbili usiku, watakaokuja na tochi ni wanakijiji.

Upande wenu wa Sengerema na Buchosa mna pa kwenda. Kuna Shamba la Miti Buhindi, na kisiwani Maisome kuna hifadhi ya msitu wa asili. Usafiri nao si ule wa zamani. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zile saa za kukaa foleni ya kivuko mkila mahindi ya kuchoma hazipo tena.

Sasa huyo binamu. Anasema kweli, ila hajamaliza maneno. Misitu ya taifa ya Marekani iko 154, jumla yake kama hekta milioni 76, na tangu 1905 iko chini ya Wizara ya Kilimo. Ndiyo maana msitu mmoja utakuta anayevuna mbao, anayechunga ng'ombe na anayefunga hema. Kulala nje ya kambi rasmi kunaruhusiwa sehemu nyingi, lakini kwa kikomo, mara nyingi siku 14, na kila msitu una amri zake. Kiangazi kikikolea hupigwa marufuku kuwasha kuni, na mkaidi anatozwa faini. Watembeaji wa kule wanafundishwa kufunga hema mbali na maji, kama hatua 70 za mtu mzima, na kinyesi kufukiwa kwenye shimo la sentimita 15 hadi 20. Kwa maneno mengine, ruhusa imeshaandikwa na kubandikwa, binamu yako anaikuta ubaoni. Huku kwetu ruhusa bado inakaa mezani kwa mtu, na mtu akienda semina nayo imekwenda semina.

Hapa nasema langu: mwanzoni mwa kila njia kungekuwa na kibao cha bati chenye jina la mwenye msitu, ada, mahali pa kufunga hema na namba ya simu ya ofisi, jamaa wa elfu hamsini angerudi shambani kwake kulima. Kibao hakihitaji mfadhili.

*Mwangaluka baba. Naandika kutoka Nyegezi. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka mitano. Jumamosi zao zote ni katuni. Ni wapi hapa Mwanza naweza kuwatembeza penye miti, bila kulala njiani wala kumaliza mshahara?*

Mwangaluka mayu. Anza na Kisiwa cha Saanane. Si mali ya misitu, ni Hifadhi ya Taifa iliyo chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, tangu 2013, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 2 na ushee, maji yakiwemo. Kabla ya hapo, kuanzia 1964, ilikuwa bustani ya wanyama, na jina lake linatokana na mzee aliyekuwa akiishi kisiwani. Unapandia boti upande wa Capri Point, safari ni ya dakika chache. Hakikisha kila mtoto amefungwa jaketi okozi kabla injini haijawashwa, hata kama mwenye boti anacheka.

Njia za kisiwani ni fupi na zinapita kati ya mawe, kwa hiyo huyo wa miaka mitano ataweza. Kuna swala pala, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe kama wazee wa baraza. Ila mwambie mdogo amtafute mjusi wa mawe. Dume ana kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, kuanzia kifuani kurudi nyuma ni buluu iliyoiva. Akiwa amejibandika ubavuni mwa jiwe, mkisogea anapiga pampu, anainuka na kushuka kwa miguu ya mbele, anawatisha. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Watoto wakishamwona huyo wanawasahau wanyama wakubwa.

Vaeni raba, mawe yanateleza na kandambili zinakatika. Chakula beba matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hayamwagiki wala hayachachi, na mfuko uufunge vizuri kwa sababu tumbili wako macho kuliko watoto wako.

*Mheshimiwa, mimi niko Dar es Salaam, nakuja Nansio kwenye harusi ya shemeji yangu. Nimeona picha za Rubya, miti mirefu na mchanga mweupe ziwani. Je, naweza kutembea humo na kuogelea?*

Kutembea, ndiyo, ukipita ofisini kwao kwanza. Rubya ni shamba la miti la serikali pale Ukerewe, liko chini ya TFS, na ni kati ya sehemu nzuri za kutembea kwa miguu katika ziwa zima. Nina upendeleo, nakiri. Chini ya misonobari hakuna majani mabichi wala miiba, kuna zulia la sindano zilizokauka, mguu unazama bila sauti. Saa nane mchana jua likiwa kali nje, mle ndani kuna harufu ya utomvu na upepo wa ziwani unaopita kwenye vilele. Barabara za kuzuia moto zimenyooka kati ya vitalu na ndizo njia bora, huwezi kupotea ukizifuata. Ukisikia msumeno au ukikuta magogo yamelazwa, rudi ulikotoka. Mti unaoangushwa haumsubiri mpiga picha. Sigara iache Nansio. Zile sindano zinawaka upesi mno, na anayeuliza moto ulianzaje hupata jibu kwa haraka: nani alikuwa mgeni leo?

Kufika kuna meli za kutoka Mwanza hadi Nansio, au unazunguka kwa barabara ya Bunda na kuvuka Kisorya kwenda Rugezi.

Kuogelea ndiko ninakokataa, na hapa nakaa kidogo. Ukerewe na mwambao huu wa ziwa una kichocho kingi, kile cha matumbo. Mayai yake hutoka kwenye choo cha mgonjwa, yakifika majini yanatoa kijidudu kinachoingia kwenye konokono mdogo, na ndani ya konokono vinazaliana vingine kwa maelfu. Hivyo ndivyo vinavyotoka na kupenya ngozi yako, hata isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Vinatoka zaidi mchana jua likiwa kali, saa zile zile ambazo maji yanakuita. Konokono hukaa kwenye nyasi na magugu ya ukingoni, lakini usidanganywe na mchanga mweupe, maji hutembea. Huoni, husikii, na mara nyingi huwashwi.

Ikiwa utaoga ziwani potelea mbali, kama ninavyowajua vijana wa harusini, basi usinywe dawa kesho yake ukadhani umemaliza. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Nenda kapime baada ya miezi miwili hivi, na mweleze daktari kwamba ulioga Ziwa Victoria, maana wa Dar huenda asifikirie. Maji ya kuoga kambini yachote jioni, yachemshe, au yaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili ndipo uyatumie. Kijidudu kisichopata ngozi kinakufa.

Mamba na kiboko wapo pia. Kuhusu hao waulize wavuvi wa pale pale, wanajua wiki hii wako upande gani.

*Bwana Misitu, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, wilaya ya Kwimba. Tuna ngitili yetu kwenye kilima chenye mawe mazuri, juu unaona mbali sana. Walimu wanaleta wanafunzi, na wageni wameanza kuja. Njia iliyopo inapanda moja kwa moja na mvua za mwaka jana zimeigeuza korongo. Tufanyeje?*

Barua hii nimeisoma kwa furaha. Kwa wasomaji wa mbali: ngitili ni eneo ambalo sisi Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi zipone, mifugo ije kula kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 na kwenda hadi 2004, uliwarudisha watu kwenye utaratibu huo, na sehemu zilizokuwa jangwa zikarudisha miti bila kupandwa mche. Kwa hiyo mnajua tayari kufunga na kufungua. Kilichobaki ni njia.

Njia inayopanda moja kwa moja ni mfereji uliosubiri mvua. Maji hayana ubishi, yanafuata penye mteremko mkali, na nyayo za wanafunzi zimeshawalegezea udongo. Mkijaza korongo lile kifusi, masika yatakichukua. Lifungeni: wekeni mawe na matawi ya miiba kukatiza, kila hatua chache, muache nyasi zirudi. Halafu mchore njia mpya inayozunguka ubavu wa kilima.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Pale Chuo cha Misitu Olmotonyi tulifundishwa kutumia fremu A, na hadi leo sijaona chombo cha bei rahisi kinachokishinda. Chukua fito mbili zilizonyooka, ndefu kidogo kuliko mtu, zifunge juu, zitanue chini hadi miguu iachane mita 2 kamili, kisha funga fito ya tatu katikati kwa ulalo. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ifike chini ya ile fito ya ulalo. Simamisha, subiri jiwe litulie, weka alama kamba inapogusa fito. Geuza fremu, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Kamba ikikaa hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja.

Kwa njia hatutaki usawa, tunataka kupanda taratibu. Sasa weka fremu mahali palipo sawa, chini ya mguu mmoja tia tofali au jiwe la sentimita 20, na mahali kamba inapoangukia chora alama nyingine kwa kisu. Alama hiyo ni mpando wa asilimia 10: kwa kila mita 10 za kutembea unapanda mita 1. Mzee anaupanda huku anapiga soga. Tembeeni na fremu kutoka chini, mguu mmoja nyuma, mwingine mnautafutia mahali hadi kamba iguse alama, pigeni kigingi, songeni mbele. Watu wawili na mtoto wa kubeba vigingi wanamaliza kilima kwa asubuhi moja.

Kuna kanuni wanayoitumia watengeneza njia wa Marekani ambayo nimeipenda: mpando wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kilima kikishuka sentimita 16 kwa kila mita, njia ipande zisizozidi 8. Ukizidisha, maji yanakiacha kilima na kuifuata njia. Kwenye vilima vyenu hii itawasumbua kule chini kwenye mlalo, si juu. Kule chini pandeni polepole mno, hata ionekane mnapoteza muda.

Mkichimba, upana wa mita 1 unatosha. Kata upande wa juu, udongo utupe mbali chini, usiutumie kutanua njia, hautashika. Sehemu ya kukanyagia iinamishwe kidogo kuelekea chini ya kilima, sentimita 5 kwa upana huo wa mita, maji yavuke na kwenda zake. Na kila baada ya hatua ishirini au thelathini, njia ishuke kidogo kisha iendelee kupanda. Pale bondeni maji yanatokea. Watu wataniambia njia inayoshuka wakati tunapanda ni ujinga wa mtaalamu. Waambieni wasubiri masika moja.

Pitisheni njia karibu na mawe yale makubwa, kila moja liwe kituo. Mtu asiye na sababu ya kufuata kona ataikata, na wanafunzi ndio wakataji wakuu. Pale watakapojaribu, wekeni jiwe kubwa au mti wa miiba. Na kama ngitili bado haijatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, pelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema. Wageni wakishaanza kulipa, wenye madai ya mipaka hujitokeza hata waliohamia mjini.

*Mkuu, nataka kuwaona sokwe wa Rubondo. Kweli ni wa asili ya pale?*

Hapana. Waliletwa kati ya 1966 na 1969 na Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Frankfurt, Ujerumani, kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa kisiwani na kujifunza wenyewe kuishi. Waliopo leo ni watoto na wajukuu zao. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na unatembea na askari wa TANAPA, huingii peke yako. Usivae nguo za buluu wala nyeusi kokote penye mbung'o, wanazipenda.

*Bwana Misitu, katika misitu yetu hii niogope mnyama gani?*

Nyuki. Nyoka, tembea kwa kukanyaga kwa nguvu na usitie mkono usipoona, basi. Kifutu hakimbii, lakini ukimwona mapema unamzunguka. Nyuki ni habari nyingine, mizinga imetundikwa kwenye misitu mingi na mtembeaji hainui macho. Ukiona mzinga au ukisikia mvumo, pita mbali kimyakimya, wala msipige kelele wala marashi. Wakikushukia, funika uso kwa shati na ukimbie bila kusimama, hadi ndani ya nyumba au gari. Usipungie mikono. Usijitose ziwani, watakusubiri juu, na chini nimeshakueleza kuna nini.

*Mzee, mke wangu anasema kwenda msituni na kurudi mikono mitupu ni uvivu. Anataka nikienda nirudi na kuni. Nimwambieje?*

Hana kosa, ndivyo alivyolelewa. Mwambie kwenye hifadhi hata tawi kavu lina utaratibu wake, na kibali cha kutembea si kibali cha kuni. Ila misitu mingi ya vijiji ina siku zake za kuokota kuni zilizoanguka, na za kwenu mtendaji anazijua. Kaulize siku hizo, mwende wote wawili. Mzigo ubebe wewe.